Kochi la Kwenye Picha

Kijiwe chetu hakina benchi, kina mifupa ya kochi. Springi, fundi wetu wa makochi, aliiunda fremu hiyo kipindi alichokuwa anaposa, akaishia hapo hapo kwenye mbao. Sponji haikuja, kitambaa hakikuja, na fremu ikatolewa nje ya karakana ipishe kazi za wateja. Sisi tukaitandikia mbao, tukahamia. Mgongo wake una nundu tatu, na mkono wa kushoto umeshuka, ukiweka kikombe hapo kinateleza mpaka mapajani mwa mwenzako. Anayekaa mbele yangu ni Waziri, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ana majibu ya maswali ambayo hajaulizwa. Pembeni yake hukaa Mahakama, karani mstaafu wa mahakama, ambaye ndiye mleta chupa ya kahawa, kwa hiyo ndiye anayeamua nani kashinda. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kimegusana na kijiwe, nasikia yote hata nisipotaka, na kusema kweli nataka. Mke wa Springi naye hupita kumletea mumewe chakula. Tukimkaribisha akae hukataa kwa adabu, husimama mpaka vyombo vitoke.

Asubuhi hiyo Springi alikuja kavaa shati nje ndani, akapokea kikombe chake bila kutia sukari.

Springi: Jamani, kuna jamaa yangu mmoja kapatwa na jambo.

Waziri: Huyo jamaa yako ni fundi wa nini?

Springi: Huwezi kumjua.

Mahakama: Shahidi asikatizwe. Endelea.

Springi: Katoka nyumbani leo, njiani akakumbuka kasahau futi kamba. Akarudi. Mkewe yuko bafuni anaoga. Mezani kaacha tableti yake wazi, ile anayochorea kadi za harusi za kiwanda cha uchapaji.

Mimi: Na yeye anachora kadi za harusi? Kama shemeji yetu?

Springi: Wachora kadi wako wengi, bwana. Sasa, picha yenyewe haikuwa ya kadi. Ni mwanamume na mwanamke, watu wazima, wamekaa kwenye kochi.

Waziri: Kukaa kwenye kochi kuna kosa gani?

Springi: Wao wamekaa. Nguo zao hazikukaa nao.

Kikombe cha Waziri kiliteleza kwenye mkono wa kushoto, kikamwaga nusu ya kahawa kwenye suruali ya Mahakama. Hakuna aliyeshughulika nacho.

Mahakama: Picha hiyo kaletewa, au kaichora mwenyewe?

Springi: Kaichora mwenyewe! Kalamu yake iko pembeni, na mguu mmoja wa mwanamume bado haujamalizika. Halafu chini kuna wanawake wanamwandikia. Wanawake wazima, wenye nyumba zao! Wanauliza nyingine inatoka lini. Mmoja kasema, "Dada, hawa wawili usiwavalishe."

Waziri: Wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

Mahakama: Hiyo ni ya mgonjwa anayeficha maradhi yake kwa mganga.

Waziri: Basi si ndiyo hiyo! Kwani wameficha nini hapo?

Tulicheka, Springi hakucheka. Waziri akajipangusa mdomo, akakaa sawa, tukajua hotuba inakuja.

Waziri: Mimi nawaeleza chanzo. Hizi picha ni njama za makampuni ya simu. Picha ya kawaida ni nyepesi. Picha ya mtu aliyevua ina rangi nyingi, ngozi ina vivuli, ni nzito, inakula bando. Mwanamke mmoja anaitazama, anamtumia shoga yake, shoga anamtumia wifi yake. Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi ukiisha kampuni imejenga ghorofa.

Mimi: Na wanaume tunapotazama zetu, bando haliliwi?

Waziri: Sisi tunatazama haraka.

Mahakama: Hapo Waziri kasema kweli bila kukusudia. Lakini mimi naona ni chama. Nimekaa mahakamani maisha yangu yote, nimeandika kesi za ndoa mpaka vidole vikapinda. Wanawake wana chama kisicho na ofisi. Kila mmoja anaeleza upungufu wa mumewe, mchoraji anakusanya, anatengeneza mume mmoja aliyekamilika. Siku moja watatuletea picha hiyo waseme, haya, fananeni na huyu.

Waziri: Na ukishindwa?

Mahakama: Unakata rufaa.

Waziri: Mimi naona ni zaidi ya hapo, mzee. Kompyuta zinasoma. Zinajua wanawake wametazama bega kwa muda gani, wametazama mkono kwa muda gani. Mwisho itaundwa mashine, mume wa bati, hakoromi, soksi anaziweka mahali pake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!

Mahakama: Sasa hapo chema ni nani?

Waziri: Mume wa bati.

Mahakama: Na kibaya kinachojitembeza?

Waziri alitutazama mmoja mmoja, akaamua kunywa kahawa. Mimi nilikuwa nacheka, lakini nusu tu. Nilikumbuka mke wangu hugeuza simu kifudifudi nikiingia chumbani, na nimekuwa nikijiambia anaokoa chaji.

Mimi: Springi, huyo mwanamume wa kwenye picha yukoje?

Springi: Mabega hayo! Kama kabati. Nywele kidogo kifuani, si nyingi. Mikono mikubwa. Tumbo hana.

Waziri: Hana kabisa?

Springi: Bapa. Kama meza.

Waziri alivuta shati lake mbele.

Mahakama: Mtu wa namna hiyo yupo pale kiwanda cha uchapaji?

Springi: Ndilo ninalojiuliza tangu asubuhi. Yaani, jamaa yangu ndilo analojiuliza. Mtu hachori mabega asiyoyaona. Na mchoraji mwenyewe hajui kitu! Kochi kalichora vibaya. Mgongo sawa, umepanda umeshuka vizuri, miguu imechongwa mviringo, mshono wa ukingo umepigwa kwa kamba ndani, safi. Lakini mkono mmoja umeshuka! Upande wa mwanamume umeshuka, upande wa mwanamke uko juu. Mtu unaishi na fundi makochi miaka yote hii, bado unachora mkono wa kochi umeshuka? Si kunidhalilisha huko?

Mahakama akamgeukia.

Mahakama: Kumdhalilisha nani?

Springi aliweka kikombe chini.

Springi: Haya, ni mimi. Ni mke wangu. Mmefurahi?

Hatukufurahi. Nasema kweli, Waziri mwenyewe aliinamisha kichwa. Kumtania jamaa asiyekuwepo ni rahisi. Sasa alikuwa amekaa kati yetu, macho mekundu.

Mimi: Umeongea naye?

Springi: Niongee nini? Nilichukua futi kamba nikatoka. Lakini leo jioni naongea. Ama anafuta zote mbele yangu, moja baada ya nyingine, na kalamu naivunja, ama aende kwa dada yake na huyo mwenye mabega. Achague.

Mahakama: Mimi nimeandika kesi nyingi za kuachana. Sijawahi kuandika kwamba picha imevunja nyumba.

Springi: Zimevunjwa na nini?

Mahakama: Maneno ya jioni.

Waziri: Lakini mwanamume ukinyamaza, nao watakupanda kichwani. Ukicheka na nyani utavuna mabua!

Mimi: Waziri, shemeji ni nyani?

Waziri: Nyani ni picha. Mnapenda kunigeuzia maneno.

Nilitaka kumwambia Springi asiende hivyo nyumbani. Nampenda shemeji yangu. Siku gundi iliponiunguza mkono yeye ndiye aliyekaa nami zahanati mpaka jioni. Lakini kijiweni mtu akishasema "achague", kumzuia ni kama kumwambia yeye si mwanamume, nikabaki nagonga soli ambayo ilikuwa imeshapigwa misumari ya kutosha.

Ndipo akajitokeza mama mmoja amevaa sare ya uuguzi, kabeba kiti cha mezani ambacho kalio lake limetoboka. Ni mgeni mtaani, hatukuwahi kumwona. Alikuwa amesimama nyuma ya Waziri kwa muda, tukidhani anasubiri tumalize.

Muuguzi: Samahanini. Fundi ni nani hapa?

Springi: Mimi. Karibu, mama. Weka hapo, njoo kesho kutwa.

Muuguzi: Asante. Hizo picha mnazozisema, mimi ninazo kwenye simu.

Mahakama alipaliwa na kahawa.

Waziri: Wewe? Muuguzi?

Muuguzi: Kwani muuguzi si mtu?

Waziri: Na mume unaye?

Muuguzi: Ninaye. Nyingine tunatazama wote, nyingine za kwangu.

Mahakama: Samahani dada, unisamehe umri wangu. Mwanamke mwenye mume wake anatafuta nini humo?

Muuguzi: Wewe mpira unatazama?

Mahakama: Sana.

Muuguzi: Unatafuta nini humo?

Mahakama akajimiminia kahawa nyingine.

Muuguzi: Ni nzuri, zinanipendeza, basi. Nashinda siku nzima nashika miili ya watu kwa haraka. Sindano, bandeji, mwingine. Kwenye zile picha hakuna mwenye haraka. Mtu kashika mkono wa mwenzake kana kwamba leo yote ni yao. Mwili wangu nao unafurahi kuona hivyo, sioni aibu.

Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza dawa inywewe mara ngapi.

Muuguzi: Ila nimesimama hapa nimewasikia. Nimejua mabega, nimejua kifua, nimejua tumbo, nimejua mpaka mshono wa kochi. Na mwanamke je? Yukoje?

Waziri alimtazama Springi. Mahakama alimtazama Springi. Mimi nikaacha kugonga.

Springi: Mwanamke... alikuwepo.

Muuguzi: Najua alikuwepo. Yukoje?

Springi: Amekaa.

Muuguzi: Anacheka? Analia? Anatazama wapi? Ni mnene, ni mwembamba? Anafanana na nani?

Springi alifumba macho. Tuliona midomo yake ikitafuta. Alianza kwenye kitu anachokijua, akanyanyua mkono hewani akichora mgongo wa kochi: nundu moja, ya pili, ya tatu. Kisha mkono ukashuka kufuata mkono wa kochi, ukashuka zaidi ya inavyotakiwa, ukatua kwenye mbao tuliyokalia. Kwenye mkono wa kushoto. Ukakaa hapo.

Alifumbua macho.

Springi: Kosa hili nimelifanya mara moja tu maishani.

Waziri: Kosa gani?

Springi: Nilikata mbao fupi. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mke wangu, wakati huo namposa. Alipoliona akacheka, akasema kochi limelegea bega. Nikamwambia usijali, upande huu mbovu nitakaa mimi. Nikitia sponji hakuna atakayejua ila sisi wawili.

Tulitazama tulipokalia. Sijui nani aliinuka kwanza. Nadhani ni Mahakama, kwa heshima, kama mtu aliyejikuta kakaa kwenye kitanda cha watu. Nami nikamwona akilini shemeji amesimama pale na vyombo vyake, siku zote hizo, anakataa kukaa.

Mimi: Nyumbani kwako mnakalia nini, Springi?

Springi: Viti vya plastiki.

Mahakama: Kinyozi hajinyoi.

Waziri: Mimi najinyoa kila Ijumaa!

Kwa mara ya kwanza methali ilikuwa imefika mahali pake, na yule aliyeguswa hakuwa kinyozi.

Waziri: Lakini yule mwenye mabega bado hatujamjua.

Springi: Mabega ni ya kuazima. Ila kakaa upande wangu.

Alisema polepole, akarudia kimoyomoyo, nikamwona midomo ikienda. Halafu akamgeukia muuguzi.

Springi: Mama, picha kama hizo, kitambaa cha kochi huwa rangi gani?

Muuguzi: Kamuulize aliyechora.

Akaweka kiti chake karibu na mlango wa karakana, akatuaga vizuri, akaenda zake kazini.

Springi alitoa simu. Angeweza kuingia ndani, hakuingia. Sisi nasi tungeweza kusogea, hatukusogea.

Springi: Haloo. Ni mimi. Hapana, hakuna tatizo. Nilirudi asubuhi kuchukua futi kamba.

Waziri alisogeza sikio karibu na simu.

Springi: Ndiyo. Niliona. Nilikasirika, sikufichi. Nilikuwa nimepanga maneno mabaya.

Alisikiliza. Aliweka mguu juu ya fremu, akaondoa, akaweka tena.

Springi: Sikiliza kwanza. Lile kochi, unataka kitambaa cha rangi gani?

Hatukusikia jibu. Tuliona tu alivyoshika ule mkono ulioshuka, kwa kiganja kizima.

Springi: Sawa. Na jioni nionyeshe ile picha. Sikuitazama yote.

Akakata simu, akaanza kung'oa mbao zetu, na Mahakama akatugawia kahawa iliyobaki tukiwa tumesimama. Waziri aliuliza sasa tutakaa wapi.