Dorca Wakhungu na Erika ya Majani ya Dhahabu

Ijumaa hii, tarehe 27 Februari 2026, Mama Dorca Wakhungu anavua aproni baada ya miaka thelathini na miwili katika kitalu chetu cha maua hapa Riat. Ofisi imeniomba niandike wasifu wa kufurahisha. Nitajaribu, ila naandika nikiwa na hasira, na wenzangu wa kitaluni wanajua sababu.

Alizaliwa Chwele, chini ya Mlima Elgon. Juu huko mlimani erika, kichaka cha maua madogo, humea mwituni, ndefu kuliko mtu, na shangazi yake aliyeishi karibu na msitu alikuwa akiikata kuni. Alipoajiriwa mwaka 1994 akaonyeshwa trei ya erika za bustani kutoka Uskoti, vichaka visivyofika goti, alicheka mpaka msimamizi akamuuliza kama ni mgonjwa. Hakuamini kwamba kuni hupandwa kwenye vyungu.

Hizo za Uskoti, zenye maua ya zambarau, zilikufa zote kwa joto letu. Dorca ndiye aliyeomba ziletwe za Afrika Kusini, zinazolijua jua. Kisha akakataa kuzipanda katika udongo wetu mweusi unaotuamisha maji. Alisafiri hadi upande wa Kericho akarudi na magunia ya udongo wa mashamba ya chai, kwa kuwa erika hupenda udongo wenye uchachu. Pale stendi ya Sondu makanga walimuuliza kama kwao udongo umeisha. Leo tuna aina kumi na saba: ya maua mekundu marefu kama filimbi, ya rangi ya waridi yenye maua kama vikengele, nyeupe yenye majani membamba kama sindano, na nyingine ambazo wateja huzifuata kutoka Kakamega.

Mwaka 2016 aliona tawi moja la kichaka cha maua meupe limetoa majani ya manjano, ilhali kichaka kizima ni kijani. Alikata vipande arobaini vya tawi hilo akavichomeka kwenye mchanga. Sita vikatoa mizizi. Kwa miaka minne alizalisha kutoka kwa hivyo sita, akitupa vilivyorudi kuwa kijani, mpaka akapata erika ambayo majani yake ni ya dhahabu, na baridi ya Julai ikiingia hugeuka rangi ya kutu. Kila hatua aliiandika katika madaftari ya shule.

Mwaka 2021 akaja mtaalamu mgeni, akakaa nasi siku tisa. Orodha yetu ya mimea ilipochapishwa, erika ile ilikuwa na jina la mgeni huyo. Dorca hakutajwa hata kama mtu aliyebeba ndoo. Katika rekodi za ajira alikuwa bado "kibarua wa bustani", mwaka wake wa ishirini na saba.

Alikwenda ofisini na madaftari yake. Meneja wa wakati huo akamwambia, "Mama, karatasi zimeshachapishwa. Wewe kazi yako ni jembe, mambo ya majina waachie wasomi."

"Sawa," Dorca akamjibu. "Basi Jumatatu wasomi waje wakate vipandikizi."

Vibao vyote vya kitalu aliviandika yeye kwa brashi. Cha erika ile alikataa kukiandika. Mteja akiuliza, alimwambia haina jina mpaka ukweli uandikwe. Akapewa barua ya onyo. Hali hiyo iliendelea miezi kumi na moja, na sisi sote tulinyamaza. Mimi zaidi, maana barua ile niliichapa kwa mikono yangu.

Aliyesema ni mteja, Mzee Mohinder wa Milimani. Aliketi kwenye benchi la miche asubuhi nzima akisoma madaftari, kisha akaenda kwa wenye kitalu.

"Mimi nanunua maua kwa huyu mama tangu ndevu zangu nyeusi," aliwaambia. "Mgeni wenu alikuja 2021. Daftari inasema 2016. Nani anadanganya, daftari ama nyinyi?"

Orodha ikachapishwa upya. Erika ile sasa inaitwa Dorca, na yeye akapewa cheo cha mzalishaji wa mimea. Lakini hakuna aliyemwomba radhi, na barua ya onyo ikabaki kwenye faili.

Jumanne iliyopita nilimwomba msamaha. Hakuacha kukata vipandikizi.

"Okinyi, ulikuwa na watoto shuleni," alisema. "Lakini uliichapa vizuri sana. Hata koma hukukosea."

Barua hiyo nimeitoa kwenye faili leo asubuhi na kuichana, bila idhini ya mtu. Onyo la safari hii liandikwe kwa jina langu.

Mama Dorca, asante kwa kazi, na asante kwa kutokubali. Upumzike vizuri Chwele, afya isikuache, upande unachotaka na usimwombe mtu ruhusa.