Bibi Vuguvugu na Nywele Zilizolazwa

Ti. Ti. Ti.

Wasikilizaji wapendwa, mnausikia mlio huo? Ni chupa ya kioo inagonga ukingo wa bakuli. Nje bado giza, taa haijawashwa, na mtu anaizungusha chupa ya mafuta ya nazi ndani ya maji ya moto, taratibu, mpaka mafuta yalegee. Katika nyumba moja yenye dirisha linalotazama barabara, kwa miaka mingi mlio huo ulikuwa na maana moja tu. Bibi ameamka.

Siku chache baada ya mazishi, mlio huo ulisikika tena. Mjukuu wake, mtoto wa darasa la kwanza, aliinua kichwa kutoka kwenye mto akaita, "Bibi?"

Jikoni, mama yake aliishika chupa isigonge.

"Ni mimi, mwanangu. Lala."

Leo, wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka mwenye chupa hiyo. Alikuwa msusi. Alikuwa mke wa fundi viatu, mama wa dereva mmoja wa lori, na mama mkwe wa huyo mama kijana aliyeko jikoni. Wateja wake walimwita Bibi Vuguvugu, naye akiitwa hivyo aliitika.

Jina hilo lina kisa chake. Ujanani, alipokuwa bado anajifunza kazi kwa shangazi yake, aliletewa bibi harusi mwenye nywele kavu kama nyuzi za gunia. Akaponda parachichi na yai, akampaka vizuri, akamfunika, akasubiri. Hadi hapo hakuna kosa. Kosa lilikuja kwenye kuosha. Alitumia maji ya moto. Yai likaiva kichwani.

"Tulichambua vipande vya yai mpaka mchana," mume wake ametusimulia, huku akijifuta machozi ya kicheko. "Mimi nilikuwa mchumba tu wakati huo, nikaitwa kusaidia. Bibi harusi analia, shangazi anafoka, mimi nanusa harufu ya jikoni. Nikajiambia, kweli huyu ndiye wa kuoa. Njaa sitaijua."

Tangu siku hiyo hakumwagia mtu maji kichwani kabla ya kuyajaribu kwenye kifundo cha mkono wake. Na kila mara alisema kwa sauti, "Vuguvugu." Kama rubani anayetangaza safari.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kile cha mbele, chenye benchi, beseni la bluu na kioo kilichopasuka pembeni, hivyo kila mteja alijiona na sikio moja la ziada. Dirishani ulikaa mshubiri kwenye ndoo kuukuu, huo ambao wengi wetu tunauita alovera. Alikata jani, akaliacha kwanza limwage ule utomvu wa njano unaowasha, ndipo akakwangua ute mweupe kwa kijiko. Maji aliyooshea mchele hakuyamwaga. Aliyaweka yapoe, akasuuzia nywele, na nywele zikatoka zinang'aa. Mafuta ya nazi aliyapasha ndani ya bakuli, kamwe si juu ya moto. Na kila kitu kipya alikipaka kwanza nyuma ya sikio la mteja, wakapiga soga kidogo waone kama ngozi itakataa.

Lakini hakujifanya daktari. Akiona kidonda, au mabaka yenye magamba, alirudisha kitambaa kichwani mwa mteja. "Hapa si kwangu. Nenda kliniki, halafu uje tunywe chai."

Misuko ya kubana aliichukia waziwazi. Akimwona msichana aliyesukwa mpaka ngozi ya paji inang'aa, alimsimamisha barabarani. "Mwanangu, umeshangaa nini?"

"Sijashangaa, bibi."

"Mbona nyusi ziko juu hivyo? Njoo nikufungue kabla hujalala macho wazi."

Basi, msusi huyo, mwenye maneno hayo, alikuwa na mjukuu mmoja tu wa kike. Alimpa jina la utani la Kipilipili, kwa jinsi nywele zake zilivyojikunja vidogo vidogo, nyingi, nyeusi, zisizoshikika. Bibi alizipenda mno. Alikuwa akipitisha kiganja juu yake na kusema, "Hizi zinanijibu."

Vidole vya Bibi vilipoanza kuuma na kukakamaa, mama wa mtoto alimpeleka Kipilipili kusukwa kwingine. Mama huyo alikuwa akifanya kazi dukani mchana na kuhudhuria masomo ya jioni, na misuko midogo ya kubana ilidumu muda mrefu. Ilimwokolea asubuhi nyingi. Ilipofunguliwa, nywele za mbele zilifunguka nayo. Juu ya paji la uso na kando ya masikio palibaki ngozi tupu.

Bibi alipagusa kwa kidole kimoja. Hakumgombeza mkwe wake. "Pamevutwa hapa," alisema. "Tuanzie kliniki."

Muuguzi aliangalia kwa tochi. Hakuna fangasi, akasema, hakuna ugonjwa. Zimechoshwa. Msimsuke kwa sasa, na muwe na subira.

Subira ni neno la watu wazima. Darasani, watoto walikwisha kumpa Kipilipili jina jingine: Uwanja wa Ndege. Mtoto akaanza kwenda shule na kitambaa. Kisha akaanza kulala nacho. Siku moja babu yake alimwita Kipilipili kama kawaida, naye akasema bila kumtazama, "Babu, usiniite hivyo. Sina."

Hilo ndilo lililomkaa rohoni mama yake. Si uzuri, wasikilizaji wapendwa. Mtoto alikuwa ameanza kuaga kichwa chake mwenyewe.

Bibi naye alikuwa ameshaanza kuchoka. Moyo ulikuwa umepungua nguvu, na kliniki wakasema apumzike nyumbani. Alilala kile chumba cha mbele, karibu na mshubiri wake. Mchana mmoja alimwita mkwe wake, akamshika mkono.

"Nywele za yule mtoto," alisema. Pumzi ilikuwa fupi. "Zilaze. Kila siku, mwanangu. Zilaze."

"Nitazilaza, mama."

"Usichoke."

"Sitachoka."

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho ya maana. Zilaze, na nitazilaza. Bibi aliondoka wiki hiyo hiyo, asubuhi, kwa utulivu, mume wake akiwa amemshika mguu juu ya blanketi.

Na mkwe akatimiza ahadi. Kila alfajiri, ti, ti, ti, alipasha mafuta. Akampaka mtoto. Kisha akachukua brashi ngumu, akazirudisha nywele nyuma kwa nguvu, akazilaza, akazilaza tena, mpaka zikashikana na ngozi kama kitambaa kilichopigwa pasi. Juu yake akafunga bendi ya mpira, pana, ya kubana, zisiinuke. Alikuwa ameambiwa azilaze. Msusi gani hajui kulaza nywele? Kila mtu anajua. Unazipaka, unazibana, zinalala.

Mtoto alishika ukingo wa kiti na kukaza meno. Hakulalamika, maana aliambiwa kuwa hivi ndivyo Bibi alivyotaka.

Lakini uwanja ule ulikuwa unapanuka.

Mama akaongeza mafuta. Akaongeza mshubiri. Akakaza bendi. Usiku alikuwa akijiuliza, labda dawa haikuwa kwenye chupa. Labda ilikuwa kwenye mikono, na mikono imekwenda na mwenyewe. Aliwaza hivyo akiwa amelala chali, na hakumwambia mtu.

Asubuhi moja umeme ulikatika. Fundi viatu, yaani babu, alikuwa akitafuta kandambili zake kwa kupapasa ukutani aliposikia sauti ndogo jikoni.

"Mama, inauma."

"Vumilia kidogo tu, mama."

Babu akasimama mlangoni. Mshumaa ulikuwa juu ya meza. Aliona brashi, aliona bendi, aliona macho ya mjukuu yamevutwa yakawa mstari.

"Mkwe wangu, unafanya nini hapo?"

"Nazilaza, baba. Mama aliniachia hilo. Alisema kila siku."

"Alisemaje hasa?"

"Alisema, zilaze."

Babu alivuta stuli akakaa. Mabega yakaanza kumtikisika, na mkwe akadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha, kwa kweli, akalia kidogo pia.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeishi na yule mwanamke tangu siku ya yai. Kila Jumapili alikuwa akifungua nywele zake zote, anatupa kitambaa kule, anakaa dirishani na kichwa wazi kama jogoo aliyenyeshewa. Nikimwambia twende mahali, anasema, siendi, leo nimezilaza. Kuzilaza kwake ni kuziacha. Zipumzike. Zisivutwe, zisibanwe, zisisemeshwe."

Mkwe alibaki na brashi mkononi.

"Baba, lakini kulaza nywele ni..."

"Ni hiyo yenu ya saluni. Sasa nikuulize. Watu waliojaa hapa kutupa pole, kila mmoja alisema nini? Mungu amlaze mahali pema. Je, walikuwa wanamwomba Mungu ampige brashi?"

Basi, wasikilizaji wapendwa, jikoni mle mwenye mshumaa mmoja, watu ambao bado walikuwa wamevaa huzuni ya msiba walicheka mpaka mtoto akaanza kucheka pasipo kujua kisa. Mama kijana alicheka huku machozi yanadondokea kwenye bakuli la mafuta. Dawa haikufa na mwenyewe. Mikono yake haikuwa na laana. Lilikuwa neno tu. Neno moja lililoshika njia mbili.

Akaifungua bendi. Kipilipili akashusha nyusi, akashusha pumzi, akajikuna kichwa chote kwa vidole kumi.

"Bibi alisema zilale?" akauliza.

"Alisema zilale."

"Basi tusipige kelele."

Kuanzia hapo walifanya kidogo sana, na kidogo hicho ndicho kilichokuwa kigumu. Mafuta ya vuguvugu, matone machache, kwa ncha za vidole. Ute wa mshubiri mara mojamoja. Maji ya mchele siku ya kuosha. Kitambaa laini cha usiku, kimefungwa kwa ulegevu kiasi kwamba asubuhi kilikutwa miguuni. Brashi ngumu babu aliipeleka kwenye kibanda chake, sasa anang'arishia viatu.

Shuleni mtoto alienda kichwa wazi. Mama yake alimfuata mpaka getini, akasikia kwa masikio yake mtoto mmoja akisema, "Uwanja wa Ndege amekuja."

Na akamsikia binti yake akijibu bila haraka, "Zimelala. Ukizipigia kelele, utaziamsha wewe."

Yule mwenzake akapita getini kwa kunyata.

Wiki zikapita. Hakuna kitu. Zikapita nyingine. Mama alijizuia kuangalia, kama mtu aliyepanda mbegu na kukatazwa kufukua. Halafu jioni moja, akimwogesha, alipitisha kiganja juu ya paji la mtoto kufuta povu. Kiganja kikakwaruzwa. Akakirudisha. Kikakwaruzwa tena. Alimgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha, na hapo, kwenye ngozi iliyokuwa tupu, akaona vidoadoa vyeusi vilivyosimama wima.

Alimwita babu. Babu akaja na kiatu cha mtu mkononi. Akaweka kidole, akakiondoa haraka kama aliyechomwa.

"Zinajibu," alisema. Akarudi kazini kwake upesi, maana hakutaka kuonwa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa babu fundi viatu, kwa mwanawe aliyeko barabarani na lori lake, na kwa mkwe aliyetunza ahadi hata alipokuwa ameishika upande usio wake, poleni sana. Tumeshiriki huzuni yenu, na leo mmetugawia nafuu yenu. Nasi tulio hai, tuwaulize wapendwa wetu wanamaanisha nini, wakiwa bado wanaweza kucheka na kutueleza. Na kama kuna kichwa kidogo nyumbani kimebanwa sana, kabla taa haijazimwa, kifungueni.

Mungu amlaze Bibi Vuguvugu mahali pema. Tumelisema neno hilo maisha yetu yote, na leo tunalisikia vizuri.

Mjukuu wake amekuja hapa studio na mama yake. Amekaa kwenye kiti changu kirefu, miguu inaning'inia, kichwa wazi. Tulimuuliza kama ana jambo angependa kumwambia Bibi. Akakisogelea kipaza sauti mpaka pua ikakigusa.

"Bibi, nywele zimeamka."