Blandine Mbambu, Aliyebanika Samaki Ggaba na Kutetea Upande Aliopewa

Marehemu Blandine Mbambu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981 mjini Butembo, Kongo, mtoto wa pili wa mzee Kambale, fundi wa matofali, na mama Masika, mkulima wa muhogo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988, akasoma sekondari miaka miwili tu. Baba yake alipofariki, alitoka shule akauza ndizi. Kusoma hakuacha. Hata gazeti lililofungiwa sabuni alilinyoosha kwa kiganja, akalimaliza, ndipo akafua.

Tarehe 5 Julai 2003 alifunga ndoa na Jean-Pierre, fundi wa viatu. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Dady. Mwaka 2016 vita viliwatoa nyumbani, wakaja Kampala, wakapanga chumba kimoja Kabalagala.

Kuanzia 2017 marehemu alibanika sangara Ggaba, kando ya ziwa. Aliwasha kuni saa kumi na moja alfajiri, akainama juu ya moshi mpaka mchana. Samaki wake hawakuungua. Wateja walikuwa wanauliza kwanza, "Hawa ni wa Mama Dady?"

Jumamosi alikwenda kwenye midahalo ya mwalimu Makokha, katika ukumbi wa kanisa. Pale mtu hachagui upande. Anachomoa kikaratasi. Tarehe 17 Juni 2023 hoja ilikuwa kwamba serikali ihalalishe bangi. Marehemu alichomoa "ndiyo".

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kwaya. Nibadilishie."

"Hapa hatubadilishi, Mama Dady. Ni mdahalo, si ungamo."

Oyugi, kijana wa gereji, alipiga kelele kutoka nyuma: "Leo mama wa kwaya atatufundisha kuvuta!"

"Wewe Oyugi hufundishiki," akajibu, watu wakacheka. Halafu akasema: "Kijana anakamatwa na msokoto mmoja. Mwenye magunia anapita. Basi serikali iandike leseni, itoze kodi, inunue dawa za hospitali." Alishinda. Alishinda vizuri mno.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kukohoa. Watu wakaunganisha. Wakasema hakuna anayetetea kitu namna ile kama hakitumii. Kwaya ilimwomba apumzike kidogo, akarudisha sare ikiwa imepigwa pasi. Hata ndani ya nyumba yake kuna aliyefungua mkoba wake kutafuta bangi. Alikuta tangawizi na daftari. Aliyefungua ni mimi, Benedicte. Mama aliniona, akasema tu, "Funga zipu vizuri."

Ndani ya daftari kulikuwa na hoja aliyoiamini mwenyewe: spiriti ya kupikia, ya maganda ya muhogo na mabaki ya miwa, ichukue nafasi ya kuni na makaa. Tarehe 14 Oktoba bahati ilimpa upande huo. Abubaker, wa bodaboda, alimpinga.

"Mama, watu hawajashiba muhogo, wewe unataka tuuchome?"

"Maganda, Abubaker. Nimesema maganda."

"Na mkulima akiona spiriti inalipa, ataishia kuuza maganda tu?"

Hapo kikohozi kikamshika marehemu. Mtu mmoja akanong'ona, "Bangi hiyo," ukumbi ukasikia. Mikono iliyoinuka upande wake ilikuwa tisa tu. Jumatatu alirudi kwenye kuni.

Tangu hapo hakukohoa mbele za watu. Alitoka nje, au alimeza kikohozi. Hospitali alikataa kwenda, akisema wataanza kwa kumuuliza kama anavuta. Alikataa karibu miaka miwili. Tarehe 22 Agosti 2025 baba alimbeba mpaka Mulago. Daktari aliuliza kweli. Akajibu: "Sijavuta hata siku moja. Nimebanika samaki miaka minane." Daktari alipima, akasema mapafu yameharibiwa na moshi wa kuni, na amechelewa.

"Andika hiyo kwenye karatasi," mama akasema, "niipeleke kanisani."

Daktari aliandika, akapiga muhuri. Mama hakutoka tena hospitalini. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 44.

Ameacha mume wake Jean-Pierre, watoto Dady, Bénit na Benedicte, na mama yake, Masika, aliye Butembo. Karatasi ya daktari ameishika Dady, pale mbele. Kabla ya kutupa udongo, kila mtu apite aisome. Asiyejua kusoma, nitamsomea.

Apumzike kwa amani, mahali pasipo na moshi wala maneno ya watu.