Mwalimu wa Polepole Apanda Mlima

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya gereji. Jumatatu ile kahawa ilimiminwa na hakuna aliyegusa habari za mpira. Ilikuwa ni Mwalimu tu. Mwalimu wetu wa udereva, mama wa miaka hamsini na ushee, ndiye aliyetufundisha sote pale ubaoni, na kila mmoja wetu akishika usukani bado anaisikia sauti yake: "Polepole, tunakwenda nyumbani, hatuendi vitani." Basi mama huyohuyo, Jumamosi, alilichukua gari lake la kufundishia, lile jeupe lenye breki mbili, akaenda kushindana kupanda mlima. Mara ya kwanza maishani. Na gari lile ndilo shule nzima, likilala na shule imelala. Halafu mwalimu wa udereva akigonga mwamba mbele ya kadamnasi, nani tena atampelekea mwanawe? Lakini asubuhi hiyo gari lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, halina hata mkwaruzo. Aliyekuwepo mlimani ni Fundi Spana peke yake, mwenye gereji, aliyekwenda kumkazia magurudumu. Sisi wengine tulikuwa na maoni.

Kinyozi: Fundi, tuanzie mwanzo. Wanapandaje?

Fundi Spana: Gari mojamoja. Barabara imefungwa, saa inahesabu. Unapanda mara mbili, wanachukua ile uliyokwenda kasi zaidi. Sasa ile ya kwanza, ndugu zangu, kila kona aliwasha indiketa.

Kinyozi: Anamwonyesha nani na barabara imefungwa?

Fundi Spana: Kamuulize. Halafu katikati ya mlima kuna njia panda, na kibao cha SIMAMA. Akasimama.

Mzee Faili: Alisimama?

Fundi Spana: Tuli. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Ndipo akaondoka.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee Faili, karani mstaafu ambaye hucheka kwa nadra na kwa utaratibu, alilazimika kuvua miwani. Ila hatukumcheka Mwalimu. Tulikuwa tunajicheka sisi, maana kila mmoja alikumbuka alivyowahi kuchapwa goti kwa kukipita kibao kama kile.

Fundi Spana: Kule watu walishika mbavu. Kijana mmoja mwenye gari la kung'aa akasema, huyu mama kapotea njia ya sokoni. Mwalimu akamsikia. Akaja kwangu akaniambia, "Fundi, mguu wangu unakataa. Kile kibao kinanitazama."

Mimi: Ukafanyaje?

Fundi Spana: Nikaomba ruhusa kwa wasimamizi, nikapanda kwa miguu, nikavua ovaroli langu nikakivalisha.

Kinyozi: Ulikivalisha kibao ovaroli!

Fundi Spana: Mpaka vifungo. Nikateremka na fulana. Mara ya pili, jamani... Sikuona indiketa. Niliona vumbi. Zile kona alizikata kama anamenya chungwa. Kwenye magari madogo kashika namba tatu, na yule kijana wa kung'aa yuko nyuma yake.



Kinyozi: Mimi najua siri yake. Aliking'oa kile kibao cha shule juu ya paa, sivyo?

Fundi Spana: Alikitoa.

Kinyozi: Basi! Kinashika upepo kile. Gari lilikuwa na nywele, likanyolewa. Kichwa kilichonyolewa hakishikiki.

Mzee Faili: Wewe kila kitu ni nywele. Tumia akili. Yule mama amekaa kiti cha pembeni miaka ishirini. Mguu wake kazi yake ni breki tu. Mafuta tunakanyaga sisi. Sasa mwendo wote ambao hakuutumia ulikwenda wapi?

Kinyozi: Wapi?

Mzee Faili: Umo mguuni. Umewekwa akiba. Jumamosi kautoa wote kwa mpigo.

Mimi: Hapana, Mzee. Ni sisi tuliomkomaza. Siku ile nilipoingia na gari kinyumenyume kwenye duka la masufuria, nani alikuwa kando yangu? Yeye. Sufuria zinamwagika juu ya buti la gari, yeye ananiambia, "Sasa weka gia ya kwanza, taratibu." Mtu wa namna hiyo mlima utamtisha kwa lipi?

Kinyozi: Mnalisahau gari. Gari limesagwa gia na wanafunzi miaka nenda rudi. Jumamosi likashikwa na mkono unaojua. Lilishukuru lile. Lilikimbia kwa furaha.

Mzee Faili: Nami nasema mlima uliinama.

Fundi Spana: Mzee! Nilikuwepo.

Mzee Faili: Uliinama kidogo tu, wewe ulikuwa unatazama vumbi. Mlima una adabu. Nani katika eneo hili hajafundishwa na Mwalimu?

Hapo hatukuwa na pingamizi. Kinyozi akainua kikombe.

Kinyozi: Kwa kifupi, yule mama hajui woga. Kazaliwa bila.

– Samahanini, kaka zangu.

Tuligeuka. Mwishoni mwa ubao alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, mkoba kaukumbatia kifuani. Tulidhani anamsubiri Fundi.

– Leo ndiyo siku yangu ya kwanza kwa Mwalimu. Nimeshafika pale kwenye gari mara mbili, nikarudi. Naomba kuuliza tu. Jumamosi, aliogopa?

Sote tukamgeukia Fundi Spana.

Fundi Spana: Aliposhuka, mimi nilikimbilia tairi. Sikumuuliza.

Aliyasema hayo kwa aibu, na aibu ile ilitufikia wote.

– Basi ngoja nikamuulize mwenyewe.

Mwalimu alikuwa ameshafika kwenye gari lake, anafuta kioo cha mbele. Yule mama wa mkoba akavuka barabara. Wakaingia, mgeni kwenye usukani, Mwalimu kiti chake cha pembeni. Hatukuwasikia, ila kupitia kile kioo safi tulimwona mgeni akiuliza. Mwalimu akainua mikono yote miwili mbele yake, kama aliyeshika usukani kule mlimani, akaiacha itetemeke, ikatetemeka mpaka mabegani. Mgeni akaitazama. Akainua na yake, akaiweka sambamba, na yake ilikuwa inatetemeka bila kuagizwa.

Wakacheka, wote wawili, mpaka gari likayumba. Ndipo injini ikawaka.