Mwalimu Tiorina Boru Pardosi na Bata Aliyekaa Kitini

14 Machi 1951 – 3 Septemba 2023

Wasifu huu unasomwa na Parlin Pardosi, ambaye marehemu alikuwa shangazi yake, uani kwa marehemu, kijijini Huta Andalu, juu ya mji wa Balige, leo Jumatano tarehe 6 Septemba 2023.

Wapendwa wafiwa, majirani, na ninyi nyote mliowahi kukaa kwenye madawati yake. Wazee wa ukoo walinipa nusu ukurasa. Walinikumbusha kwamba kwa mila zetu aliyekufa bila mtoto hapigiwi ngoma wala upatu, na wasifu wake huwa mfupi, kwa kuwa mwishoni hakuna wa kuwataja. Nimeandika zaidi ya walivyoniruhusu, na kwa hilo nawaomba radhi. Lakini hiyo siyo radhi kubwa niliyokuja kuiomba leo.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba hii hii, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mama yake alifuma ulos, shuka zetu za mila, za harusi na za mazishi. Babu zetu walisimulia kwamba Tiorina, kabla hajajua kusoma hata herufi moja, alikuwa akikaa chini ya mtambo wa kufumia na kumkosoa mama yake: "Mama, hapa umeruka uzi." Mama yake alikasirika, akahesabu, akakuta kweli ameruka uzi.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari Balige, na mwaka 1968 akaingia chuo cha ualimu huko huko. Alihitimu mwaka 1970. Watu wengi hawajui kwamba utotoni alichapwa sana kwa sababu ya hesabu. Jedwali la kuzidisha la saba lilikuwa adui yake. Alituambia kwamba alilikariri kwa wimbo, na wimbo ukikatwa katikati ilimbidi aanze upya tangu saba mara moja, mbele ya mwalimu aliyeshika henzirani.

Tarehe 11 Januari 1971 alianza kufundisha katika shule yetu, naye akaanza na henzirani hiyo hiyo. Hili alitaka lisemwe siku ya mazishi yake. Mwaka 1974, darasa la tatu, alimchapa mtoto aitwaye Marolop Siagian kwa kushindwa saba mara nane. Alimchapa siku tatu mfululizo. Siku ya nne, wakati wa mapumziko, alimkuta Marolop akiwachorea wenzake mchangani ulos ambayo mama wa mtoto huyo alikuwa ameiuza wiki iliyotangulia: mistari yote, samaki wote wadogo wa kwenye pindo, bila kukosea hata mmoja.

"Umeitazama wapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Siitazami, Mwalimu. Ipo tu."

"Ipo wapi?"

Marolop akafumba macho, akajigusa paji la uso. "Hapa. Usinichape."

Marehemu aliivunja henzirani yake siku ile, akaitia jikoni chini ya chungu cha wali. Akakaa wiki nzima akitafuta sura ya kila tarakimu. Sifuri ni yai, moja ni nguzo, mbili ni bata. Tatu ni pembe za nyati zilizolala upande, nne ni kiti kilichogeuzwa miguu juu. Tano ni ndoano, sita konokono, saba jembe, nane kibuyu, tisa upawa. Tangu hapo hakuna mtoto wa Huta Andalu aliyekariri kwa wimbo. Jembe likagonga kibuyu, kibuyu kikapasuka, ikatoka ndoano ikimvuta konokono: saba mara nane, hamsini na sita. Konokono akapanda jembe, kule juu akakuta kiti, na kitini amekaa bata: sita mara saba, arobaini na mbili. Mwaka 1983 alizichora zote, picha thelathini na sita, kwenye ukuta wa nje wa darasa la tatu unaotazama njia ya mashambani, kwa rangi ya mafuta aliyoichanganya mwenyewe. Waliokwenda kupandikiza mpunga walipita wakizisoma. Kuna akina mama waliopo hapa ambao hawakusoma darasa hata moja, na jedwali wanalo.

Tafadhali sikieni na hili, maana ndilo nililolificha. Hakuanza kamwe na picha. Alianza shambani. Aliwatia watoto kwenye matope, wapandikize miche sita kwa safu saba, waihesabu, waigeuze saba kwa sita, waone kwamba miche haikuongezeka wala kupungua. Picha zilifuata baadaye. Alikuwa akisema, "Kuelewa wameelewa. Sasa wanataka pa kuweka."

Hakuolewa. Wachumba walikuja wawili. Wa kwanza hatukupata kumjua. Kuhusu wa pili, ilisemekana kijijini kwamba Mwalimu alimpa mtihani. Siku moja jirani alimtania sokoni, "Mwalimu, ni kweli ulimfukuza mtoto wa watu kwa hesabu?" Marehemu akajibu, "Sikumfukuza. Nilimuuliza sita mara tisa, naye akauliza njia ya kurudi kwao." Soko zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Alimsaidia mdogo wake wa kiume, Tumpal, ambaye ni baba yangu, kutulea sisi watoto wake. Mimi nilijifunzia jedwali mgongoni mwake, nikiwa na miaka mitano, akipita mbele ya ukuta ule kwenda kuchota maji. Kila anachofanya mzazi kwa mtoto wake, yeye alinifanyia mimi.

Alistaafu mwaka 2011, lakini akaendelea kuja shuleni kila Jumanne na Ijumaa mchana kwa ajili ya darasa la tatu, bila kuombwa, hadi mwaka 2019.

Mwaka 2018 nilihitimu chuo kikuu Medan, hesabu na ualimu. Nilirudi nyumbani nikiwa na moto. Ninao bado, wala sioni haya kuamini kwamba mtoto wa mkulima anastahili kuelewa na siyo kukariri tu. Ninachokionea haya ni nilichokifanya kwa moto ule. Katika mkutano wa wazazi wa Jumamosi tarehe 20 Julai 2019, nilisimama nikasema kwamba ukuta wa shule yetu ni aibu. Nilisema, "Taifa halijengwi kwa bata na vibuyu! Hawa watoto wanajua hadithi ya konokono, hawajui kuzidisha ni nini!" Nilijua kwamba wanajua. Nilikuwa nimesimama kwenye matope yale yale, na miche ile ile mikononi. Sikusema. Mlinipigia makofi, kwa sababu nilikuwa nimetoka Medan.

Marehemu alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Hakusimama. Aliuliza tu, "Parlin, mwanangu, sita mara saba?"

Nikajibu papo hapo, "Arobaini na mbili."

"Umemwona nani?"

Watu wakacheka. Mzee Bistok, anayenitazama sasa hivi, akasema kwa sauti, "Jibu, Profesa! Shangazi yako anakuuliza!"

Nikasema, "Sikumwona mtu, Shangazi. Nimefikiri."

Akanitazama kidogo, akasema, "Haya." Kisha kura ikapigwa, na ukuta ukahukumiwa kupakwa chokaa.

Niliupaka mwenyewe, Jumatatu iliyofuata. Nilikuwa nimefika kwenye mstari wa pili wa picha alipokuja na kipande cha msasa mkononi. Nilidhani amekuja kugombana. Akasema, "Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, mwanangu. Piga msasa kwanza, la sivyo itabanduka na utachekwa." Alikuwa ananifundisha namna ya kuifuta kazi yake vizuri, ili nisichekwe. Nikamwambia, "Najua ninachofanya, Shangazi." Akauweka msasa juu ya jiwe, akaenda zake. Sikuutumia.

Nimefundisha darasa la tatu tangu hapo. Watoto wangu wanaeleza vizuri kuzidisha ni nini. Ukiwauliza saba mara nane wanaanza kuchora vitone. Mtoto mmoja, Rusti, alijibu haraka kila mara, nikajivunia, nikamwita mbele kuwa mfano. Nikamuuliza, "Unafanyaje?" Akaangalia mlango kwanza, akasahau anaongea na nani, akaninong'oneza, "Naenda kwa Bibi Mwalimu Jumapili baada ya ibada. Usimwambie Mwalimu." Mwalimu aliyekuwa akifichwa alikuwa mimi.

Alhamisi tarehe 9 Februari 2023 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa anakoboa mahindi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yote yakamwondoka, isipokuwa "haya". Alitibiwa hospitalini Balige wiki mbili, kisha akarudishwa nyumbani, akiuguzwa na mama yangu. Alijifunza kuchora kwa mkono wa kushoto. Watoto walikuja na vibao. Yeye akichora jembe na upawa, wao wakimchorea konokono mwenye pembe za nyati, naye akipiga kitanda kwa kiganja kwa furaha.

Mwezi wa saba nilikwenda kumwona, peke yangu. Akaomba kibao kwa macho, nikampa. Akachora konokono. Akachora jembe. Akanigeuzia.

Nikasema, "Arobaini na mbili, Shangazi."

Akatikisa kichwa. Akaigonga picha kwa chaki, mara mbili, akanitazama.

Nilielewa vizuri alichokuwa akiuliza. Ilinitosha kuchora kiti na bata, mistari sita au saba. Chaki ilikuwa pale. Nikajifanya sielewi. Nikamwekea mto sawa, nikamuuliza kama anataka maji. Akasema, "Haya." Akakifuta kibao kwa pindo la shuka, taratibu, akanirudishia kikiwa kisafi.

Alifariki Jumapili tarehe 3 Septemba 2023, saa nne asubuhi, kengele ya ibada ikiwa imekwisha kulia. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Jeneza hili limetengenezwa na Marolop Siagian, ambaye sasa ni fundi seremala. Alipokuwa akipima mbao jana nilimsikia akizidisha bila karatasi, nikamuuliza amemwona nani. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Wote, mdogo wangu. Nimewaona wote, na leo wanalia."

Jana pia nilikwenda kwenye ukuta. Shangazi alisema kweli, chokaa haikushika. Imebanduka kwa vipande vikubwa upande wa mvua, na wa kwanza kutoka ni yule bata, amekaa pale pale kitini, mdomo wake wa njano umeelekea barabarani. Nimezungumza na mwalimu mkuu. Kesho asubuhi nitakuwa pale na brashi ya kusugulia na ndoo ya maji. Simwombi mtu makofi. Anayetaka kuja, aje na brashi yake.

Marehemu amemwacha mdogo wake, Tumpal Pardosi. Wifi yake, Lasma Boru Napitupulu. Watoto wanne wa mdogo wake. Na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka hamsini na miwili, ambao mila haina jina la kuwaita. Amemwacha Rusti, wa darasa la tatu. Amemwacha pia msomaji wa wasifu huu, aliyeulizwa swali moja mara mbili, mbele ya watu na faraghani, na mara zote mbili akalikwepa.

Mlikuwapo niliposema uongo, kwa hiyo nawaomba muwepo na sasa. Shangazi, sita mara saba ni arobaini na mbili. Nilimwona bata. Nilimwona siku ile mkutanoni, kabla hujamaliza kuuliza, na sijawahi kuizidisha sita kwa saba maishani mwangu bila kumwona.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Haya.