Nafasi ya Kushoto kwa Mwalimu Okullo

Marehemu Mwalimu Yakobo Okullo alizaliwa Lira tarehe 9 Machi 1931, kitinda mimba wa Mzee Ongom na Mama Akwero.

Alisoma shule ya misheni huko Lira, kisha akaja Kampala kusomea udaktari. Kuanzia mwaka 1960 aliwafundisha wanafunzi wa udaktari umbo la mwili na mikato yake mitatu: wa kati, unaotenga kushoto na kulia, wa ubavu hadi ubavu, unaotenga mbele na nyuma, na wa kukingama, unaotenga juu na chini. Kila darasa jipya lilikosea palepale, naye akasema: "Kushoto ni kwa maiti, si kwako, daktari. Yeye ndiye mwenye mwili."

Mwaka 1963 alimwoa Rosebella Nafuna wa Bungoma, aliyeuza vitambaa sokoni Nakawa, hapa Kampala. Walijaliwa binti, Ayot. Kwao papai lilikatwa kwa mkato wa kati, mbegu sawa kwa sawa.

"Baba Ayot, leo tunakula ama tunapasua?"

"Tunapasua kwanza, mama. Njaa itangoja."

Wenzake kazini waliondoka mmoja mmoja. Wengine hatukuambiwa walikokwenda. Mwaka 1976, Wakenya waliporudi kwao, Rosebella alimsihi waende wote. Mwalimu alijibu kwamba yeye na Ayot watangulie, naye angefuata baada ya mitihani, kwa sababu hakubaki mwingine wa kufundisha. Mitihani ilipokwisha, mpaka haukupitika. Jirani yake, Mama Joska, alimwona akikata papai vilevile: nusu anakula, nusu anaifunika kwa sahani.

Januari mwaka huu alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi. Hata hivyo alilalia upande wake wa kitanda, na kushoto kwake ukabaki mto wa Rosebella. Kaka yake, Otim, alipotaka kumsogeza katikati alimwambia, "Acha. Hapo pana mwenyewe." Akaomba kaburini pia aachiwe nafasi hiyo. Alifariki Jumapili, tarehe 4 Juni 1978.

Safari ya Lira imeshindikana, hivyo analala hapa Kampala. Asubuhi hii tulikuta kaburi limechimbwa ukuta ukiwa kushoto kwa marehemu, nafasi imeachwa kulia kwake. Mchimbaji alikuwa amesimama miguuni, akafuata kushoto kwake mwenyewe. Wanafunzi wakapaza sauti pamoja: "Mzee, kushoto kwa marehemu, si kwako!" Wakavua makoti, wakalifukia, wakachimba lingine.

Ameacha mke, Rosebella, na binti, Ayot, walioko Bungoma. Telegramu imepelekwa, jibu halijafika. Ameacha pia kaka yake Otim, na wanafunzi wake.

Rosebella akija, siku yoyote, mahali pake papo wazi. Mwalimu na apumzike kwa amani, upande wake.