Mashine ya Papa Prudent Haina Saa ya Kufunga

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Mungu iwe nyumbani mwenu asubuhi hii. Ukiwa jikoni, acha chai ichemke polepole. Ukiwa dukani, punguza kelele kidogo. Leo tunamkumbuka mtu mmoja wa mji wetu wa Bunia.

Jina lake ni Prudent Unencan. Wengi walimwita Papa Prudent. Wengine, kwa utani, walimwita Papa Phonie. Alifariki Alhamisi ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na saba. Tulimzika Jumamosi, baada ya misa.

Papa Prudent hakuwa chifu wala mtu wa mali. Kazi tunayomkumbukia ni moja tu. Aliifanya mashine moja ya Bunia imjibu kila anayeiita. Ninarudia: kila anayeiita, akiwa Aru, akiwa Mahagi, au akiwa kwenye barabara ya Nyankunde.

Alizaliwa upande wa Mahagi, katika nyumba ya Wakatoliki, wakulima. Akiwa kijana, mapadri walimfundisha kazi ya phonie. Wenye umri wangu wanaikumbuka phonie. Ile redio kubwa ya parokia, betri ya gari chini ya meza, antena imefungwa juu ya nguzo mbili. Simu hazikuwepo. Ukitaka kujua kama mama yako wa Aru amepona, unakaa kwenye benchi la parokia, unangoja zamu yako, kisha unapiga kelele habari za nyumbani kwako mbele ya watu wote.

Papa Prudent alikaa mbele ya phonie miaka ishirini na minane, kwanza Mahagi, kisha hapa Bunia. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, aliita vituo kimoja kimoja kwa jina.

"Mahagi, Mahagi, hapa Bunia. Unanipata?"

"Nakupata cinq sur cinq, Bunia."

Kila kituo kilipaswa kujibu na kusema kinasikia namna gani; cinq sur cinq, yaani tano kwa tano, ni vizuri kabisa. Kisipojibu, aliandika msalaba mdogo katika daftari lake, na saa sita anakiita tena. Jioni, saa kumi na mbili kamili, aliwaaga wote, akafanya ishara ya msalaba, akaizima phonie ili betri ipumzike. Kisha aliifunika kwa kitambaa cheupe. Mke wake, Mama Micheline, alikishona kwa mkono, akaweka ndege wa bluu pembeni.

Wasikilizaji wapendwa, kumbukeni kitambaa hicho. Kumbukeni na saa hiyo, saa kumi na mbili ya jioni.

Simu za mkononi zilikuja. Mwaka wa elfu mbili na tisa, phonie ilinyamaza. Mama Micheline aliniambia hivi, tukiwa tumekaa kwenye matanga:

"Alikuwa anakaa kwa mulango sawa mutu iko nangoja barua. Nikamwambia, Baba Noëlla, weye utaoza hapo. Enda usome."

Akaenda. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Najua vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Yalikuwa masomo ya jioni ya ordinateur, yaani kompyuta, katika shule moja ya msingi. Madawati yalikuwa ya watoto, magoti yetu yaligonga mbao. Vijana walituita "bababu". Papa Prudent hakukasirika. Alifunga macho, akaomba, ndipo akagusa kibao cha herufi. Hata mimi nilijifunza kuomba hivyo, maana nilikuwa nakiogopa kile kibao.

Siku moja mwalimu aliuliza: internet ni nini? Vijana wakaanza kujibu kwa maneno marefu. Papa Prudent akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ni phonie. Unaita, unangoja, banakujibu. Ila hauone nani anabeba sauti yako."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Papa, andikeni hiyo kwa daftari."

Baada ya masomo, alipata kazi katika chumba kimoja pale Nyakasanza. Wafundi wanakiita point d'échange. Nieleze kwa urahisi. Mji ulikuwa na kampuni tatu za internet. Zamani, ukiwa na kampuni moja, na jirani yako ana nyingine, ujumbe wako ulitoka Bunia ukaenda ng'ambo, ukarudi, ndipo ukafika kwa jirani. Katika chumba hicho kampuni zote tatu zinaunganisha nyaya zao. Sasa ujumbe wa Bunia unabaki Bunia.

Kiongozi wa chumba alikuwa injenia Débora. Papa Prudent alikuwa mlinzi wake: alishika funguo, alifuta vumbi, aliangalia umeme na betri.

Lakini alikuwa na shida moja moyoni. Binti yake, Noëlla, ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya kwenye barabara ya Nyankunde. Hapo hakuna daktari. Noëlla akiwa na mgonjwa mgumu, anatuma picha na vipimo kwa daktari wa Bunia, naye anamwambia afanye nini. Mstari wa internet ukikatika, Noëlla anabaki peke yake.

"Papa," alimwambia, "nikipigia kampuni ya kwanza, banasema kosa iko kwa ya pili. Ya pili banasema iko kwa ya tatu. Ya tatu habapokee simu. Na mugonjwa iko mbele yangu."

Papa Prudent akaenda kwa Débora. "Mama Injenia, kwa phonie kulikuwa kituo kimoja chenye kilikuwa najibu kila mara. Ukikipata, unajua redio yako iko muzima. Tuweke muitikiaji hapa."

Débora alikubali. Alikuwa na mashine ya zamani iliyokuwa bado nzima. Wakaiweka katika chumba. Ukiiita kwa simu au kwa ordinateur, inajibu, inaonyesha ujumbe wako umepita wapi na umekwama wapi. Mama Micheline akashona kitambaa cha pili, cheupe, chenye ndege wa bluu. Siku ya kwanza Débora alikikuta juu ya mashine.

"Papa! Toa! Itaiva sawa mandazi!"

Kitambaa kikatundikwa kwenye msumari ukutani.

Papa Prudent akampigia binti yake kwa furaha. "Noëlla, ita sasa!" Noëlla akaita. Kimya. Akaita tena. "Papa, hakuna mutu."

Débora akamweleza. Mashine ina anwani, lakini anwani hiyo inajulikana ndani ya chumba tu. Nje, hakuna anayejua njia ya kuifikia. Ili Noëlla aifikie, ni lazima kila kampuni itangaze njia hiyo kwa majirani zake. Tena zote tatu, siyo moja. Kama ni moja tu inayotangaza, siku ikianguka, mashine nayo inapotea machoni pa watu wa nje, siku ile ile wanapoihitaji.

Basi Papa Prudent akachukua barua ya Débora, akatembea kwa miguu kutoka ofisi hadi ofisi. Miezi miwili. Wafundi walikuwa na hofu. Mmoja wao, Delphin, aliisema wazi:

"Papa Phonie, unataka batu bote baone wapi kwetu kumekatika? Unatuvua nguo?"

"Mutoto wangu, imeshakatika. Miye naomba taa tu, tuone pa kufunga."

"Na taa yako itamulika kwetu tu?"

"Itamulika kwa bote. Hata kwangu."

Delphin alikuwa wa mwisho kukubali. Siku hiyo Noëlla aliita, na mashine ikajibu. Alimpigia baba yake: "Papa, iko najibu!" Mzee alisimama katikati ya chumba, mkono kifuani. "Nakupata," alisema. "Nakupata cinq sur cinq."

Wasikilizaji wapendwa, ningependa kuishia hapo. Lakini Papa Prudent mwenyewe hangenikubalia.

Wiki tatu baadaye, Jumatano, saa moja ya jioni, mama mmoja mjamzito alifika kwa Noëlla akitoka damu. Noëlla akajaribu kumtumia daktari wa Bunia picha na vipimo. Mstari wa internet ulikuwa umekatika. Akapiga simu kwa kampuni zote. Safari hii wafundi hawakubishana. Waliiita mashine ya kupima. Haikujibu. Wakaiita kutoka ofisi zote tatu. Kimya. Wakasema, basi, point d'échange yenyewe imekufa.

Wote wakakimbilia Nyakasanza kwa pikipiki. Walichomoa nyaya zote, wakazirudisha moja moja. Saa mbili nzima walipoteza pale. Kumbe chumba kilikuwa kizima. Kilichokatika ni antena moja juu ya kilima, ambayo mashine ingewaonyesha kwa dakika moja.

Yule mama alipelekwa hospitali juu ya pikipiki, mvua ikinyesha, Noëlla amemshika kwa nyuma. Mungu alirehemu. Mama aliishi. Mtoto aliishi.

Jumamosi kampuni ziliitisha mkutano. Zilitaka kuondoa zile njia. "Mashine inatudanganya," walisema. "Afazali tukose mashine kuliko kuwa na ya bongo, yenye iko nadanganya."

Débora alikuwa na karatasi mkononi. "Nimeangalia journal yake, kumbukumbu yenye mashine inaandika yenyewe," alisema. "Inazimika kila siku, saa kumi na mbili kamili ya jioni. Inawaka asubuhi. Sijue ni umeme gani unafanya hivi."

Papa Prudent alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Débora aliniambia kwamba alimwona akitoa kofia yake polepole. Kisha akasimama.

"Umeme haina kosa," alisema. "Ni miye njo nazima."

Wote wakageuka.

"Saa kumi na mbili nafanya alama ya musalaba, nazima, naenda nyumbani. Ili betri ipumzike. Nilifanya vile kwa phonie miaka ishirini na minane. Mukono yangu ilifanya yenyewe."

"Papa," Delphin akasema, "ulizima serveur sawa taa ya chumba?"

"Sawa phonie."

Mtu mmoja akaanza kucheka. Wengine wakafuata. Papa Prudent alingoja wamalize.

"Ile jioni," akasema, "mutoto wangu njo alikuwa naita. Miye baba yake nilikuwa nimefunga. Munifukuze, ni haki. Lakini njia, muziache. Mashine haikudanganya. Miye njo nilikuwa nimelala."

Kicheko kikaisha. Delphin ndiye aliyesema wa kwanza: "Ulituambia taa yako itamulika hata kwako. Kwetu njia itabaki." Wawili wengine nao wakakubali. Njia zikabaki. Hakuna aliyemfukuza mzee.

Jumatatu Papa Prudent alibandika karatasi juu ya swichi, kwa mwandiko wake wa masomo ya jioni: HAPA HAKUNA SAA YA KUFUNGA. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alipiga simu kwa rafiki mmoja wa Aru, mmoja wa Mahagi, na kwa Noëlla. Kila mmoja alikuwa mteja wa kampuni tofauti. Kila mmoja aliiita mashine kutoka kwake, akamwambia kama imejibu. Mwishoni yeye mwenyewe aliiita kutoka Bunia. Majibu yote aliandika katika daftari. Aliandika madaftari kumi na moja.

Mwaka huu figo zilimlaza. Noëlla alikaa naye hospitalini; mwenzake wa kituoni aliiita mashine badala yake, na Débora akamtumia majibu yote kwa simu. Anasema kila asubuhi swali lilikuwa moja.

"Iko najibu?"

"Iko najibu, papa."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka Aru. Kutoka Mahagi. Kutoka kwetu."

"Basi. Tuombe."

Alhamisi ile hakuuliza. Noëlla alimwambia hivyo hivyo, sikioni.

Asubuhi hiyo hiyo, Débora alifungua daftari katika chumba cha Nyakasanza. Aliandika: Aru, inajibu. Mahagi, inajibu. Nyankunde, inajibu. Alipofika kwenye mstari wa Bunia, ambao ulikuwa wa Papa Prudent miaka yote kabla ya kulazwa, mkono wake ulisimama. Delphin alikuwa amekuja kwa ajili ya habari ya msiba. Alichukua kalamu, akaiita mashine kutoka simu yake, akangoja. Akaandika: Bunia, inajibu.

Kisha Débora alikitoa kile kitambaa kwenye msumari, akakipeleka Bankoko, nyumbani kwa marehemu. Hakijawahi kufunika mashine, ila ile siku moja. Mama Micheline alikipokea kwa mikono miwili. Alikitandika juu ya mikono ya mume wake, ndege wa bluu upande wa moyo.

"Sasa weye pumzika," alimwambia. "Ile ingine itabaki macho."

Kwako Mama Micheline, kwako Noëlla, kwa ukoo wote wa Mahagi na kwa wafundi wa chumba cha Nyakasanza, redio hii inawapa pole. Mungu awafute machozi, ampokee mtumishi wake.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba ukae kimya kidogo kabla ya kuanza siku. Jiulize: kuna mtu wangu anayeniita nami nimezima? Labda ni ndugu mliyekosana. Labda ni mgonjwa ambaye hujamtembelea. Labda hukuwa na ubaya wowote, ni mkono tu umezoea kufunga saa ile ile. Papa Prudent alisimama mbele ya watu wote akasema, ni mimi. Kisha akarudi kazini.

Asubuhi hii, kabla ya kuingia studio, nilimpigia Noëlla simu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Sikumuuliza kitu. Aliniambia mwenyewe.

"Iko najibu."